Wakuu, hamu ya kupanga nyumba na kutoa makorokoro mnaitoa wapi?

#1 Uvunguni

Habari za jioni wakuu.

Madai yangu ni haya: hakuna mtu anayepanga nyumba kwa sababu ameamka na hamu. Watu wanapanga kwa sababu kuna macho yanakuja. Mgeni kapiga simu yuko Ubungo anauliza apande gari gani, mama mkwe anakuja kumwona mjukuu, fundi bomba anataka kupita chumbani. Hapo ndipo kabati linafunguliwa, vitu vinasukumwa uvunguni, deki inapigwa na udi unachomwa. Mgeni akiondoka, wiki haiishi, kiti cha chumbani kimerudi kwenye kazi yake ya kubeba nguo ambazo si chafu wala si safi.

Siongelei usafi. Kufagia tunajua, tumefundishwa shule ya msingi na fagio la chelewa mkononi. Naongelea kupunguza. Stoo yangu ina feni mbili zisizozunguka, ndoo za rangi tangu nyumba inajengwa, TV ya chogo, katoni la TV ya sasa (hivi kwa nini tunatunza makatoni?), begi lisilo na zipu ambalo ndani yake kuna mabegi mengine, na mfuko wa mifuko. Nikifungua mlango naangalia, naufunga.

Sasa ninyi ambao nyumba zenu zimepangika hata bila mgeni, hamu mnaitoa wapi? Na kama ni dada wa kazi semeni ukweli.

Nawasilisha.

#2 Njiti Moja

Siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Mama Pacha

Katoni la TV ni la kuhamia, mkuu. Siku utakayopakia TV kwenye Kirikuu bila katoni, barabara ya vumbi na mashimo, ndipo utajua.

Halafu hoja yako naikataa. Hamu huja na hasira. Mimi wali unakauka maji natafuta mfuniko, kila ninaoushika si wa sufuria ile. Mkubwa, mdogo, mwingine wa sufuria iliyotoboka zamani hizo lakini mfuniko umebaki. Siku hiyo kabati zima linamwagwa sakafuni. Hakuna mgeni, hakuna mkwe, ni mimi na mifuniko yangu.

#4 Kabwela wa Tandika

Mleta mada ana STOO. Wenzako tuna chumba na sebule, stoo ni uvungu wa kitanda, na kitanda chenyewe tumekipandisha juu ya matofali ili begi kubwa liingie.

Sisi wapangaji hatulimbikizi. Kodi ya miezi sita ikiisha, mwenye nyumba akiongeza, unahama. Kirikuu unalilipia kwa safari. Ukiona safari ya pili inanukia ndipo unajua kipi unakipenda na kipi cha kumwachia jirani. Dawa ya makorokoro ni kuhama.

#5 Uvunguni

Kwa hiyo nihame nyumba niliyojenga ili nipange stoo?

#6 Kabwela wa Tandika

Ipangishe. Njoo Tandika, kuna tofali mbili zimebaki.

#7 Mzee Foleni

Vijana mnaongea juu juu. Haya makorokoro yana historia.

Mimi nimekulia Dar ya mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita vya Kagera. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Ukikuta watu wamejipanga unajipanga kwanza, kuuliza kinachouzwa baadaye. Soda ulikuwa huuziwi bila chupa tupu mkononi, kwa hiyo chupa tupu ilikuwa mali. Kopo la maziwa likiisha linakwenda kwa fundi linarudi koroboi. Tairi likiisha linakuwa katambuga. Mtu aliyelelewa hivyo unamwambiaje atupe ndoo ya rangi yenye mkono mzima?

Nyie mliozaliwa baada ya ruksa ya Mzee Mwinyi, biashara ilipofunguliwa, mmerithi mikono yetu bila foleni zetu. Ndiyo maana hamjui kwa nini mnatunza.

#8 Njiti Moja

Shikamoo mzee. Lakini si ndo kipindi hicho hicho watu walitupa vitu vyao baharini, 1984 Waziri Mkuu Sokoine alipowasaka wahujumu uchumi?

#9 Mzee Foleni

Marahaba. Msako ni wa 1983, kijana. Aprili 1984 Sokoine ndipo alipofariki kwa ajali kule Morogoro. Ila ulichosikia ni kweli. Mwenye katoni za sabuni nyingi kuliko za matumizi, au mabunda ya khanga, alikuwa hapati usingizi. Vingine viliishia mitaroni usiku, vingine baharini. Nchi hii haijawahi kusafisha stoo kwa kasi ile tena.

#10 Uvunguni

Na bado ni macho ya watu hayo. Mnanisaidia hoja.

#11 Nesi wa Zamu

Tatizo lenu mnasubiri hamu. Kazini hakuna anayekuuliza kama una hamu.

Mahospitalini tuna 5S, utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi kwa hatua tano, ililetwa na Wizara ya Afya pamoja na wale Wajapani wa JICA, ikaanzia hospitali ya rufaa Mbeya 2007 kisha ikasambaa. Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengi mnaanzia kwenye Seti: mtu anatoka na hela anarudi na vikapu na kabati la plastiki la droo tano, anaingiza takataka zile zile kwenye droo, anapiga picha. Bila kusasambua umenunua korokoro lingine.

Kusasambua kuna kitu kinaitwa kadi nyekundu. Kitu ambacho hakuna mwenye uhakika nacho, hukitupi. Unakibandika kadi nyekundu yenye tarehe, unakisogeza sehemu moja inayojulikana. Muda mliokubaliana ukipita na hakuna aliyekuja kukiulizia, kinaondoka. Nyumbani natumia karatasi na selotepu. Uzuri wake unaahirisha ugomvi: hujamwambia mtu "kitu chako takataka", umeandika tarehe tu.

#12 Kabati la Vioo

Nesi nakuheshimu. Lakini nimewahi kulazwa hospitali moja, bango la 5S ukutani limepigwa rangi vizuri kabisa, nyuma ya bango wameegesha machela mbovu na viti vya magurudumu visivyo na magurudumu.

#13 Nesi wa Zamu

@Kabati la Vioo hiyo ni S ya tano. Wengi hufia kwenye Shikilia. Na vifaa vya serikali huwezi kuvitupa kienyeji, lazima vifutwe kwenye daftari la mali kwanza, kuna taratibu. Feni za Uvunguni hazina daftari, asijifiche hapo.

#14 Mkazi wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Huku hamu ilikuwa inapita barabarani na beseni kichwani. Wale wa mali kwa mali: unampa nguo kuukuu, anakupa chombo cha plastiki. Mamangu akisikia ile sauti kwenye lango, kabati linafunguliwa papo hapo, anachambua kama mtu wa forodha. Suruali ya baba iliyopauka, sweta ya shule iliyonibana, zote nje. Hakuna aliyemhubiria, alikuwa anaona beseni.

Shida ni kwamba nyumba ilijaa mabeseni.

#15 Kabwela wa Tandika

Hata huku wapo. Jinzi nne nzima anakupa bakuli na kijiko, ukibishana anaongeza kijiko. Wezi wakubwa.

#16 Mpemba wa Darajani

Mie naona mnazunguka mbuyu. Kwetu visiwani hamu ina tarehe. Mwezi wa Shaabani ukiingia watu wanajua Ramadhani iko mlangoni: kuta zinapigwa chokaa, mapazia yanafuliwa, vyombo vya kufuturia vinateremshwa, na kila kitu kinatolewa nje uani kwanza ndio kirudi ndani. Si vyote vinavyorudi. Hakuna anayekaa akajiuliza moyo wake unataka au hautaki.

Tena mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, kwa hivyo huwezi kusema nangojea kiangazi. Kuna miaka inaangukia kwenye masika, pazia limelowa siku tatu na nyumba nzima inanuka uvundo, lakini kazi inafanywa vivyo hivyo.

#17 Mama Pacha

Kwetu Moshi ni Desemba. Watu wanarudi kutoka mijini, nyumba lazima ipakwe rangi. Nadhani ndoo za Uvunguni zimepatikana zilikotoka.

#18 Uvunguni

@Mama Pacha ndoo zangu ni za Mbezi hazijawahi kuona Moshi 😂

@Mpemba wa Darajani umenithibitishia tu. Ramadhani na Krismasi ni wageni wale wale ila wamepewa kalenda.

#19 Mpemba wa Darajani

Anayekuja kufuturu kwangu anakaa ukumbini, kabati langu la ndani halimhusu, na mimi nalisafisha kabati la ndani. Sasa macho ya nani hayo?

#20 Mchumi wa Kahawa

Mzee Foleni ana nusu ya ukweli. Uhaba hauelezi kwa nini mtu aliyezaliwa 1998 anashindwa kutoa chaja ya simu ambayo simu yenyewe ilishaibiwa.

Kuna jaribio maarufu la Kahneman, Knetsch na Thaler, lilichapishwa 1990. Waliwapa nusu ya wanafunzi vikombe, nusu nyingine hawakupewa. Waliopewa wakaulizwa watauza kwa bei gani, wasiopewa wakaulizwa watanunua kwa bei gani. Waliokuwa nacho walitaka zaidi ya mara mbili ya bei ya wanunuzi, na kikombe walikuwa wamekishika muda mfupi tu. Kitu kikiwa chako thamani yake inapanda kichwani mwako, si sokoni. Hawa watu walipewa Nobel kwa kazi hiyo 2002.

#21 Bwana Risiti

Rekebisho dogo. Ya 2002 alipewa Kahneman, na ilikuwa kwa kazi pana zaidi ya vikombe. Thaler alipewa 2017. Knetsch hakupata.

#22 Kabati la Vioo

Vikombe vya wanafunzi wa Marekani na hotpoti zangu wapi na wapi. Mimi nina hotpoti za kichen pati ambazo sijawahi kuzifungua, zina utepe bado. Siziuzi si kwa sababu ya bei. Kila moja ina mtu. Hii alileta shangazi, hii alileta bosi wa zamani, hii sijui nani lakini siku nikiitoa ndiyo siku atakayokuja akaniuliza "lile hotpoti langu linakufaa?"

Zimekaa kabatini zinaangalia watu. Sisi tunakulia sahani za melamini zenye ufa.

#23 Mama Pacha

@Kabati la Vioo toa sahani za wageni mle nyie. Mgeni ni nani zaidi ya watoto wako.

#24 Kabati la Vioo

Watoto wangu uliwaona wanavyoosha vyombo?

#25 Shoga wa Sinza

Nimesoma hadi hapa, mnaongelea wageni wanaopiga simu kwanza. Mgeni ambaye hapigi simu ni msiba.

Ukifiwa, ndani ya saa moja nyumba si yako. Wanaume wanatoa makochi nje, wanawake wanatandika mikeka na magodoro sebuleni, mmoja anaingia jikoni kutafuta sufuria la kuchemshia chai ya watu wote, mwingine anafungua stoo kutafuta jamvi, watu ambao hujawahi kuwakaribisha wanavuta droo zako wanatafuta kiberiti. Wewe umekaa umejitanda khanga huwezi kusema "hapo msifungue". Kochi likiinuliwa kinachoonekana chini yake ni siri yako na Mungu.

Mtaa tuliokuwa tunakaa zamani, alifariki baba wa nyumba fulani. Wamefungua stoo, yakatoka masufuria mawili makubwa ya kikundi cha akina mama, yale yaliyotafutwa mpaka watu wakatishiana kwenda polisi. Yameandikwa herufi za kikundi kwa rangi nyekundu ubavuni. Hakuna aliyesema neno. Yakatekwa maji, yakabandikwa jikoni, msiba ukaendelea. Ila kila aliyekuwepo aliyaona.

Tangu hapo mimi stoo yangu naipanga. Mniite mwoga.

#26 Njiti Moja

Yale masufuria yalirudishwa lakini?

#27 Shoga wa Sinza

Baada ya arobaini yaliondoka kimya kimya na kikundi, hakuna aliyesaini popote.

#28 Mtoto wa Fundi

Ya Shoga wa Sinza yamenigusa kwa upande mwingine.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Arobaini ilipopita ndugu waligawana vitenge vyake kama kawaida. Mimi nimebaki na cherehani, Singer ya kukanyaga kwa miguu, na gunia la vipande vya vitambaa. Mume wangu anasema gunia linaleta panya. Ni kweli linaleta. Lakini nikiingiza mkono natoa kipande cha bluu yenye madoa, najua ni gauni la ubarikio la jirani, kuna kipande cha sare ya kwaya, kuna pindo la suruali ya baba ambalo hakulimaliza, sindano bado imechomekwa.

Msiniambie kadi nyekundu. Tarehe nitaandika ipi?

#29 Nesi wa Zamu

Pole sana dada. Kadi si ya hicho. Toa vipande unavyovijua kwa jina, vifue, vianike, vitie kwenye ndoo yenye mfuniko (omba kwa Uvunguni). Usivyovijua jina, wape mafundi wa mtaani wanatengenezea vitambaa vya kufutia na kujazia mito. Panya hawatachagua kwa niaba yako.

#30 Fundi Kanyagio

Pole. Samahani kuuliza, hiyo Singer ina meza yake ya chuma au ni kichwa peke yake?

#31 Dokta Kijiweni

Niweke kitu kimoja, maana mnachanganya. Kuna kulimbikiza kwa kawaida, ambako ndiko kwa wengi humu, na kuna ugonjwa. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanautambua kuwa ugonjwa unaojitegemea, zamani ulihesabiwa ndani ya ule wa wasiwasi wa kurudiarudia mambo. Dalili si wingi wa vitu tu. Ni pale vyumba vinaposhindwa kutumika kwa kazi yake, kitanda hakilaliki, jiko halipikiki, na mtu anapata dhiki halisi ukimwambia atoe hata gazeti. Mtu wa hivyo hasaidiwi na ndugu kuja na Kirikuu akiwa safarini wakamwaga kila kitu. Anaumia, na mara nyingi anaanza upya kukusanya. Ongea naye, mpelekeni kwa wataalamu.

Uvunguni wewe ni mvivu tu, usijipe ugonjwa.

#32 Uvunguni

Asante kwa vipimo dokta 😂

#33 Dumu la Njano

Mimi naona wote mnalaumu vichwa vya watu. Laumuni bomba. Nyumba yangu ina madumu ya lita ishirini, pipa, ndoo na beseni kubwa la bafuni kwa sababu maji yanatoka leo, kesho hayatoki, na hujui keshokutwa. Jenereta limekaa kwa sababu ya umeme. Mkaa upo kwa sababu gesi huisha usiku. Jiko la mafuta ya taa lipo kwa sababu mkaa ukilowa haushiki. Kila korokoro kwangu lina sababu, na sababu haiko ndani ya nyumba. Mtu anayefungua bomba maji yakatoka saa 24 ndiye anayeweza kukaa na sufuria mbili na mmea wa kwenye chungu.

Wahenga walisema akiba haiozi.

#34 Kabwela wa Tandika

Haiozi ila panya wanaila.

#35 Bwana Afya Kata

@Dumu la Njano madumu yenye mfuniko sina neno nayo. Nina neno na makopo, vifuu na matairi yaliyokaa nyuma ya nyumba "yatafaa siku moja". Mbu wa dengue, Aedes, anataga kwenye maji kidogo yaliyotuama kwenye vyombo, ukutani kwa ndani juu kidogo ya maji. Mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, mvua ikirudi yanaanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake haitoshi, chombo kisuguliwe ndani. Na anauma mchana, chandarua cha usiku hakimhusu. Dar tumeugua 2014, tukaugua tena 2019. Kama mnatafuta hamu, hiyo hapo.

#36 Skrepa Buguruni

Niwasaidie kwa upande wa biashara maana ndo kazi yangu.

Feni mbovu msizitupe, mota yake ina waya. Lakini msitegemee utajiri, feni nyingi za siku hizi waya wake ni alminiamu iliyopakwa rangi, ukikwangua kwa kisu inakuwa nyeupe. Ya zamani ni shaba kweli. Masufuria yaliyotoboka ni alminiamu, yana bei nzuri kuliko chuma. Mabati na vyuma vya kawaida bei yake ni ya chini na inapanda ikishuka. Friji thamani yake iko kwenye kompresa. Waya msichome moto kutoa shaba, moshi wake mbaya na shaba inaungua rangi, tunainunua bei ya chini. Chuneni kwa kisu.

Betri ya gari msimwage maji yake chini, ile ni tindikali. Na mkiuza, shikeni mzani wenu. Nasema hivi mimi ninayenunua.

TV za chogo hatuchukui sana. Zilikufa 2012 walipozima analojia.

#37 Bwana Risiti

Rekebisho tena, samahani. Desemba 31, 2012 walizima mitambo ya analojia Dar, mikoa mingine ikafuata baadaye. Kilichokufa ni antena ile ya juu ya bati. TV ya chogo ukiiunganisha na king'amuzi inaonyesha mpaka leo, bibi yangu anaangalia taarifa ya habari kwa hiyo hiyo. Mnaozuia watu kuitoa ni ninyi mafundi, mnasema "hii ndo TV, hizi bapa makaratasi".

#38 Skrepa Buguruni

Sawa mkuu. Ila ikifa kweli msiivunje kile kioo, kina risasi ndani yake, na siyo ya bunduki. Madini.

#39 Njiti Moja

Na ule mfuko wa mifuko wa mleta mada? Si ulishapigwa marufuku 2017?

#40 Mkazi wa Umoja

2017 ni sisi Kenya, Agosti 28.

#41 Bwana Risiti

Tanzania Bara Juni 1, 2019. Zanzibar walitangulia wote, tangu 2006. Na kanuni za 2019 zinagusa hata anayekutwa nao, faini inaanzia 30,000. Uvunguni ana kosa la jinai ndani ya begi lisilo na zipu.

#42 Uvunguni

Ile ni kumbukumbu ya taifa.

#43 Ughaibuni Minnesota

Niko Minneapolis. Msidhani huku ni sufuria mbili na mmea. Watu wana gereji ambayo gari haliingii kwa mizigo, na bado wanakodi chumba kwenye maghala ya kupangisha kwa mwezi, wanalipia masofa wasiyoyakalia. Maji yanatoka saa 24, kwa hiyo nadharia ya Dumu la Njano ina tundu. Kila nikiwaona nashukuru kwamba mimi vitu vyangu nisivyovitumia navijaza kwenye pipa natuma nyumbani Tanga.

#44 Mama Pacha

@Ughaibuni KUMBE NI WEWE. Nyumba ya mama yako imejaa toasta za volti 110 unadhani anazichomeka wapi?

#45 Ughaibuni Minnesota

Kuna transfoma nilituma pia.

#46 Dumu la Njano

@Ughaibuni tundu halipo. Wenzako wanalimbikiza kwa sababu wana nafasi na vitu ni rahisi. Sisi tunalimbikiza kwa sababu hatuna uhakika. Magonjwa mawili, homa moja.

#47 Mchumi wa Kahawa

Au ugonjwa mmoja, na wewe umeupatia sababu nzuri. Jenereta lako liliwaka lini mara ya mwisho?

#48 Dumu la Njano

Halijawaka kitambo, linataka plagi tu.

#49 Mhamiaji Kigali

Huku Kigali Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, mnatoka wote mnafyeka na kuzibua mitaro, magari yanasimama. Mji unang'aa. Ukiingia ndani kwa watu lakini stoo ni stoo. Kwa hiyo amri ya serikali inaishia kizingitini.

#50 Bwana Afya Kata

Tanzania pia tulianza vizuri. Desemba 9, 2015 Magufuli alifuta sherehe za Uhuru siku ikawa ya usafi, kisha zikaja Jumamosi za mwisho wa mwezi. Nilipita nyumba moja siku hiyo, barazani kumefagiwa mpaka mchanga una mistari, uani kuna tairi sita zina maji. Mwenye nyumba ananiambia "hayo hayaonekani barabarani".

#51 Uvunguni

Bwana Afya, huyo nimeshampa kadi ya uanachama wa hoja yangu.

Mrejesho kwa walioniuliza pembeni: jana nimejaribu ya Nesi. Nimebandika karatasi zenye tarehe kwenye feni, TV na katoni. Leo nimerudi kazini, karatasi ya kwenye katoni imeongezewa maandishi kwa chini: "KIKIONDOKA NA WEWE UONDOKE". Mwandiko wa mke wangu. Feni moja haina karatasi kabisa, anasema mdogo wake anakuja kuirekebisha. Mdogo wake ni mwalimu wa Jiografia.

#52 Mama Pacha

Mpe mkeo salamu. Katoni la kuhamia hilo.

#53 Kabati la Vioo

Hakuna aliyejibu lakini. Hivi ndani ya ndoa makorokoro ni ya nani? Maana kwangu ya mume wangu yote ni "vifaa", yangu yote ni "takataka". Ana kopo la misumari iliyopinda anaiita vifaa.

#54 Mzee Foleni

Misumari iliyopinda inanyooshwa, binti yangu. Unailaza kwenye jiwe unagonga taratibu unaizungusha.

#55 Kabati la Vioo

Shikamoo. Nimeelewa kwamba humu sitapata haki.

#56 Mtoto wa Fundi

@Fundi Kanyagio nilikuwa sijaona swali lako. Ina meza yake ya chuma na gurudumu la chini lipo. Mkanda wa ngozi ndio umekatika.

#57 Fundi Kanyagio

Mkanda si tatizo, Kariakoo wanauza kwa futi, unaunganisha kwa kipini cha waya. Kichwa kinazunguka kwa mkono bila kukwama? Kama kinakwama usilazimishe, tia mafuta ya cherehani uache kilale, siyo mafuta ya kula, yanaganda. Unauza?

#58 Mtoto wa Fundi

Kinazunguka. Siuzi.

#59 Fundi Kanyagio

Sawa. Basi nikuletee mkanda, unilipe nauli tu. Ukitaka kujifunza kukanyaga nakuonyesha, watu wengi wanaanza kwa mguu kurudisha nyuma uzi unakatika.

#60 Skrepa Buguruni

Meza ya chuma ile ina kilo nyingi sana jamani, mimi nasema tu.

#61 Mtoto wa Fundi

@Skrepa usirudie.

@Fundi Kanyagio njoo Jumapili mchana, nitakutumia ujumbe pembeni nikuelekeze. Njoo na hayo mafuta pia.